Mkate wa Wishwa na Sindano ya Shaba: Ni Nini Hasa Kinachomfanya Mtu Kuwa Shujaa?

Ikisiri

Dhana ya ushujaa hufunzwa aghalabu kama orodha ya sifa: nguvu zisizo za kawaida, siri ya nguvu hizo, usaliti na kifo cha kusikitisha. Makala haya yanahoji utoshelevu wa orodha hiyo. Kwa kurejelea Utendi wa Fumo Liyongo na kuulinganisha na tamthilia za Kinjeketile, Mzalendo Kimathi na Kifo Kisimani, makala yanadai kwamba nguvu si kiini cha ushujaa. Kiini chake ni uamuzi wa hiari wa mtu anayeweza kudhurika, anaoufanya kwa ajili ya wengine hali akijua gharama yake. Kipimo hiki kinawaingiza katika orodha ya mashujaa baadhi ya wahusika ambao uhakiki umezoea kuwapita bila kuwajulia hali.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Methali hii hufasiriwa mara nyingi kuwa onyo kwa mtu anayejitosa katika hatari: heri kukimbia ukarudi nyumbani ukicheka kuliko kusimama ukaletwa umebebwa. Hata hivyo, ikitazamwa kwa jicho pevu, methali hii inasema mengi zaidi. Kwanza, inamtambulisha shujaa kwa gharama wala si kwa ushindi. Haisemi kwamba kwa shujaa huenda nyara au sifa. Pili, inatuelekeza nyumbani. Kinacholiliwa ni mwili wa shujaa, lakini wanaolia ni wengine: mama, mke, watoto na majirani. Kwa hiyo, tangu mwanzo, hekima ya jadi inatambua kwamba ushujaa si mali ya mtu mmoja. Kuna watu wengine wanaoulipia.

Fahamu hii imefifia katika ufundishaji wetu wa fasihi. Mwanafunzi anapoulizwa kuhusu sifa za shujaa wa mighani au utendi, hujibu pasi na kusita: ana nguvu za ajabu, ana siri ya uhai wake, anasalitiwa na mtu wa karibu, anakufa kifo cha huzuni. Jibu hili hupata alama. Lakini tatizo lake ni kwamba linaeleza mambo yanayompata shujaa bila kueleza kinachomfanya awe shujaa. Jambazi pia anaweza kuwa na nguvu, akawa na siri, akasalitiwa na akafa vibaya. Kama orodha hiyo haiwezi kumtenga jambazi na shujaa, basi haijajibu swali.

Swali lenyewe si la darasani pekee. Katiba ya Kenya iliyoidhinishwa mwaka 2010 iliibadilisha Siku ya Kenyatta, iliyokuwa ikiadhimishwa tarehe 20 Oktoba kukumbuka kukamatwa kwa viongozi wa ukombozi mwaka 1952, ikawa Siku ya Mashujaa. Badiliko hilo la jina ni badiliko la fikra: kutoka nomino ya mtu mmoja hadi nomino ya wingi. Taifa linapoamua kwamba mashujaa wake ni wengi, linajitwika wajibu wa kuamua ni akina nani na kwa kipimo gani. Fasihi inaweza kulisaidia taifa katika kazi hiyo, mradi wasomi wake waisome kwa makini.

2.0 Shujaa, Jagina, Nguli na Mhusika Mkuu

Kabla ya kusonga mbele ni vyema kutenganisha istilahi ambazo hutumiwa kana kwamba ni visawe. Neno shujaa lina asili ya Kiarabu na maana yake ya msingi ni mtu jasiri. Jagina hutumiwa kwa mtu aliyetenda makuu hadi akawa gumzo la vizazi. Nguli, katika uhakiki wa Kiswahili, limetumiwa kumrejelea mhusika anayebeba uzito wa kazi ya fasihi. Mhusika mkuu ni istilahi ya kimuundo tu: ni yule ambaye matukio yanamzunguka.

Tofauti hizi zina umuhimu. Rosa katika riwaya ya Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi ni mhusika mkuu bila shaka yoyote, na masaibu yake yanatutia simanzi. Lakini ni vigumu kumwita shujaa. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) ni hivyo hivyo. Kwa upande wa pili, mtu anaweza kuwa shujaa huku akitokea katika beti chache tu za utendi mrefu. Maadamu tunachanganya nafasi ya mhusika katika msuko na thamani ya kitendo chake, tutaendelea kuwatafuta mashujaa katikati ya jukwaa tu, ilhali wengine wamesimama pembeni.

Neno lingine linalostahili kuzingatiwa ni utendi. Jina hili la utanzu limetokana na kitenzi tenda. Hii ni dalili kwamba jadi ya Waswahili, ilipotaka kuutaja ushairi wa kishujaa, haikuuita kwa nguvu, wala ukoo, wala cheo. Iliuita kwa kitendo. Kwa hiyo swali linalofaa kumwuliza shujaa yeyote ni: alitenda nini, na alitenda kwa ajili ya nani?

3.0 Fumo Liyongo: Nguvu Zisizotosha

Utendi wa Fumo Liyongo unaojulikana zaidi leo uliandikwa mwaka 1913 na Muhammad Kijumwa wa Lamu, na ni miongoni mwa tenzi zilizohaririwa na M. M. Mulokozi katika Tenzi Tatu za Kale (1999). Masimulizi ya Liyongo yalikuwa yamechapishwa hata kabla ya hapo, katika mkusanyiko wa hadithi wa Edward Steere wa mwaka 1870. Wataalamu hutofautiana kwa karne kadhaa kuhusu wakati alioishi Liyongo, lakini masimulizi yanamweka katika mwambao wa kaskazini mwa Kenya, kati ya Pate na mlango wa mto Tana, na wenyeji wa Kipini hulitaja kaburi lake hadi leo.

Utendi unaanza kwa kutuonyesha nguvu. Liyongo ni mtu wa kimo kirefu, mwenye mwili mkubwa kupita kiasi. Safari inayowachukua wengine siku nne yeye huimaliza kwa muda mfupi mno. Anapuliza panda na watu wanaingiwa na hofu. Mkobani mwake mnatoka kinu, mchi, jiwe la kusagia na vyombo vya kupikia, shehena ambayo mtu wa kawaida asingeweza kuiinua. Wagala wanapoyaona haya wanashangaa, na kwa kutamani mbegu ya mtu wa namna hiyo wanamwoza binti yao.

Msomaji makini atagundua jambo moja: katika sehemu hii yote, Liyongo hajafanya lolote kwa ajili ya mtu mwingine. Nguvu zake ni maonyesho. Zinastaajabisha, lakini hazimwokoi yeyote. Tena kuna swali gumu zaidi. Ikiwa mshale na mkuki haviwezi kumwua, ujasiri wake u wapi? Asiyeweza kuchomwa na moto hasifiwi kwa kutembea juu ya makaa. Ujasiri unahitaji uwezekano wa kudhurika. Mtu aliyekingwa na kila silaha ana bahati, lakini hatuna bado sababu ya kumwita shujaa.

Vivyo hivyo katika kisa cha mikoma. Mfalme wa Pate, kwa kuuhofia umaarufu wa Liyongo, anapanga njama: vijana wawe wakipokezana kupanda mkoma na kuangua matunda, na zamu ya Liyongo itakapofika apigwe mishale akiwa juu. Liyongo anaing'amua njama hiyo na kuyaangua makoma kwa mshale akiwa amesimama chini. Hapa tunaona akili na shabaha. Ni werevu wa kujinusuru, na hakuna ubaya wowote katika kujinusuru; lakini sungura wa ngano naye hujinusuru kila siku.

Ushujaa wa Liyongo, kwa maoni ya makala haya, unachimbuka mahali pengine: katika tukio ambalo nguvu zake hazina kazi. Mfalme anamrubuni mwana wa Liyongo kwa kumwahidi kumwoza bintiye na kumpa cheo, mradi aulize kinachoweza kumwua babake. Kijana anauliza. Liyongo si mjinga. Utendi unadokeza kwamba anatambua mwanawe ametumwa na kwamba ahadi alizopewa ni za kumhadaa. Hata hivyo anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Wahakiki wengi huliita tukio hili udhaifu wa shujaa, au kosa lake kwa mtazamo wa tanzia. Lakini linaweza kusomwa vingine. Liyongo alikuwa na njia mbili. Angeweza kumnyima mwanawe siri na kuishi akimshuku kila usiku. Au angeweza kumwamini na kuuweka uhai wake mkononi mwa mtoto. Alichagua kuwa baba kabla ya kuwa jabari. Kwa mara ya kwanza katika utendi mzima, mtu asiyeweza kudhurika alikubali kudhurika, tena kwa hiari yake. Hapo ndipo anapovuka mpaka wa jabari na kuingia katika ushujaa.

Kinachofuata kinajulikana. Kijana anamchoma babake usingizini. Liyongo anaamka, anatwaa upinde na mishale, anakwenda kisimani, anapiga goti, anapachika mshale na kuvuta upinde. Katika hali hiyo anakata roho. Watu wanamwona, wanadhani yu hai, na hakuna anayethubutu kusogea kuteka maji.

Taswira hii husifiwa kwa uzuri wake, lakini uzito wake wa kimaadili haujadiliwi vya kutosha. Kisima ni cha umma. Wanaokosa maji si mfalme pekee. Ni wanawake, watoto na watumwa ambao hawakushiriki njama. Je, mwili ule umesimama kuulinda mji au kuuadhibu? Utendi hauamui, na huenda huo ndio ukomavu wake. Unatuonyesha kwamba jamii iliyomwogopa mtu wake mkubwa hadi ikamwua hubaki ikimwogopa hata akiwa maiti, na hofu hiyo huiziba chemchemi yake yenyewe. Aidha, unatuonyesha kwamba nguvu, hata baada ya kifo, zinaweza kuwa mzigo kwa watu wa kawaida. Anayeufungua mji si mpiganaji. Ni Mwana Mbwasho, mama wa marehemu, anayemwendea mwanawe kwa maneno ya kumbembeleza, siku baada ya siku, hadi mwili unapoanguka. Kijana aliyesaliti hakutimiziwa ahadi. Aliishia katika aibu.

4.0 Saada: Shujaa Asiyehesabiwa

Kati ya kisa cha mikoma na kisa cha sindano kuna kisa cha gereza, na humo yumo mhusika ambaye orodha ya sifa za shujaa haimjui kabisa. Liyongo amefungwa. Mamake anampelekea chakula kila siku kupitia kwa kijakazi aitwaye Saada. Walinzi hukipokonya chakula kizuri na kumwachia mfungwa makombo. Liyongo anatunga ubeti na kumtuma Saada aufikishe kwa mamake: aoke mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Mkate unaokwa pamoja na chakula kizuri. Walinzi wanakula kizuri na kuucheka mkate wa wishwa. Mkate unamfikia mfungwa. Kisha Liyongo anaomba apigiwe ngoma ya gungu kabla hajauawa, na katika kishindo cha ala na nyimbo sauti ya tupa inamezwa. Minyororo inakatika, naye anatoroka.

Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi wa werevu wa Liyongo, na kweli werevu upo. Lakini ni nani aliyebeba hatari? Tupa lilipokuwa njiani, Liyongo alikuwa amekwisha kuhukumiwa. Hakuwa na la zaidi la kupoteza. Saada alikuwa na kila kitu cha kupoteza. Kama mlinzi mmoja angeuvunja ule mkate kwa udadisi tu, kijakazi yule angekuwa wa kwanza kuuawa. Hakuwa na kinga dhidi ya mkuki. Hakuwa na ukoo wa kumlilia wala mshairi wa kumtungia. Tena hakuahidiwa uhuru. Alipita mbele ya walinzi mkono wake usitetemeke, akarudi nyumbani, na utendi ukaendelea bila yeye.

Kwa kipimo cha nguvu, Saada si chochote. Kwa kipimo cha kitendo, yeye ndiye aliyetenda pasipo kinga yoyote. Inaweza kupingwa kwamba alikuwa mtumwa aliyetii amri, na asiye na hiari hawezi kuitwa shujaa. Pingamizi hili lina mashiko. Hata hivyo, mtumwa aliyetaka kujiokoa alikuwa na njia rahisi mno: kuwanong'oneza walinzi. Wangemtuza. Hiari yake haikuwa katika kupewa kazi. Ilikuwa katika kutosaliti. Mtoto wa Liyongo, mwungwana, damu yake mwenyewe, aliahidiwa binti wa mfalme naye akasaliti. Kijakazi, asiye damu yake, hakuahidiwa lolote naye akanyamaza. Utendi unawaweka wawili hawa katika hadithi moja, na ulinganisho huo unasema kuhusu ushujaa mengi kuliko mishale yote.

Joseph Mbele, katika makala yake ya mwaka 2006 kuhusu wanawake katika tendi za Kiafrika, aliwavuta wahakiki kuitazama upya nafasi ya wahusika wa kike katika utanzu huu uliodhaniwa kuwa wa wanaume. Mjadala huo unapaswa kuendelezwa katika madarasa yetu. Bila Mwana Mbwasho na Saada, Liyongo angekufa gerezani na kusingekuwa na kisima wala utendi.

5.0 Mkate Mwingine: Mzalendo Kimathi

Ni jambo la kuvutia kwamba mkate unaoficha chombo cha ukombozi unajitokeza tena katika fasihi ya Kenya. Katika tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1976 na kutokea kwa Kiswahili kwa jina Mzalendo Kimathi, Kimathi yuko kizimbani. Wajumbe wa aina mbalimbali, wakiwemo wenye mabenki, wanasiasa na kasisi, wanamjia kumshawishi asalimu amri ili aokoe uhai wake na ajipatie manufaa. Anakataa. Wakati huo huo, nje ya mahakama, mwanamke mmoja anampa mvulana mkate wa kupeleka kwa mtu mwingine. Ndani ya mkate mna bunduki. Hatimaye mvulana huyo na msichana mmoja, vijana wa mitaani waliokuwa wakigombana kwa ajili ya vijipesa, wanaibeba kazi hiyo pamoja.

Watunzi hawakuwapa wahusika hawa majina. Mmoja anaitwa Mwanamke, wengine Mvulana na Msichana. Ukosefu huo wa majina hauwapuuzi, unawapanua. Unadai kwamba ushujaa wa Kimathi hauwezi kutenganishwa na ushujaa wa maelfu wasiotajwa. Tofauti kati ya utendi na tamthilia hii ni kwamba kilichokuwa pembeni kimeletwa katikati: mkate umekuwa nusu ya hadithi.

Kisa cha Kimathi kinafunza jambo jingine pia. Alikamatwa mwaka 1956 na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957, akiitwa gaidi. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003 tu, miaka 40 baada ya uhuru, na sanamu yake ikazinduliwa jijini Nairobi mwaka 2007. Mtu ni yule yule, kitendo ni kile kile, jina limebadilika. Hii inathibitisha kwamba jina la shujaa hutolewa na jamii, na jamii inaweza kuchelewa. Inaweza pia kukosea. Wapo waliosifiwa kwa nyimbo za kulipiwa wakiwa hai, na nyimbo hizo zikanyamaza siku walipotoka madarakani. Kwa hiyo tusichanganye kusifiwa na ushujaa: sifa ni ushahidi unaopaswa kuhojiwa kama ushahidi mwingine wowote.

6.0 Kinjeketile: Shujaa Mwenye Shaka

Orodha ya kimapokeo humtaka shujaa awe na imani isiyoyumba. Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya Kinjeketile (1969), anaivunja kanuni hiyo. Tamthilia inahusu vita vya Maji Maji vilivyopiganwa kusini mwa Tanganyika kati ya 1905 na 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani, ingawa mwandishi anabainisha kwamba Kinjeketile wake ni wa kisanaa, si nakala ya yule wa historia. Kinjeketile anaibuka mtoni na maji yanayoaminiwa kugeuza risasi. Maji hayo yanaunganisha makabila yaliyokuwa yakichukiana. Baadaye yeye mwenyewe anaanza kuyashuku. Anatambua kwamba ujumbe aliopewa unawaahidi watu wake kutoka kwa bwana mmoja hadi kwa mwingine, Sultani wa Unguja. Anataka kuizuia vita, lakini neno alilolizaa limekwisha kukua kumpita. Watu wanaingia vitani bila amri yake na wanateketea.

Mwishoni amekamatwa. Anaambiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anajua kwamba hayakuzuia risasi, amewaona wafu. Lakini anakataa kukiri mbele ya adui, kwa sababu watoto watakaozaliwa wataambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigana. Anatofautisha mambo mawili: maji yaliyoshindwa na haki ya kutaka uhuru ambayo haikushindwa.

Tukio hili ni gumu na halipaswi kurahisishwa. Msomaji ana haki ya kuuliza: je, si Kinjeketile aliyesababisha vifo vile? Ndiyo, kwa kiasi fulani, na yeye mwenyewe anaubeba mzigo huo. Hii ndiyo sababu ushujaa wake unasadikika. Hajitakasi. Anaona kosa lake, anaona pia ukweli uliomo ndani ya kosa hilo, na anakubali kufa kwa ajili ya ukweli huo pasi na kujificha nyuma ya kosa. Shujaa asiyeshuku chochote anaweza kuwa hatari kwa watu wake. Anayeshuku na bado akasimama mahali pake anatenda kwa macho yaliyofunguka.

7.0 Mwelusi: Kisima Kinaporudishwa kwa Watu

Kithaka wa Mberia, katika tamthilia ya Kifo Kisimani (2001), iliyowahi kuwa kitabu teule katika shule za sekondari nchini Kenya, anakirudia kisa cha Liyongo kwa makusudi. Mfalme wa Pate sasa ni Mtemi Bokono wa Butangi. Liyongo sasa ni Mwelusi. Msaliti si mwana tena bali ndugu, Gege, aliyeahidiwa Alida, binti ya Bokono. Kisima kipo, na mauti yapo.

Lakini mwandishi amebadilisha jambo la msingi. Mwelusi hana mwili wa jabari. Hapulizi panda likautisha mji. Anateswa gerezani na maumivu yanamwuma kama yanavyomwuma mtu yeyote. Silaha yake ni kusema wazi kwamba Butangi inaweza kutawaliwa kwa haki. Mwandishi amemvua shujaa kila kitu ambacho orodha ya shuleni inakitaja kwanza, na bado hakuna msomaji anayesita kumwita shujaa. Huu ni ushahidi wa kutosha kwamba nguvu ni pambo tu la ushujaa.

Pia hatima ni tofauti. Liyongo anapokufa, watu wanaogopa. Mwelusi anapokufa, vuguvugu halizimiki. Watu wanainuka na utawala wa Bokono unaporomoka. Kifo cha Liyongo kiliwazuia watu kufika kisimani. Kifo cha Mwelusi kinawarudishia watu kisima chao. Pengine huu ndio umbali ambao dhana ya ushujaa imesafiri katika fasihi ya Kiswahili: kutoka kwa mtu anayesimama badala ya watu hadi kwa mtu anayewawezesha watu kusimama.

Historia ya mwambao ina mfano unaoiunga mkono hoja hii. Mekatilili wa Menza, mwaka 1913, hakuwa na cheo wala jeshi. Alizunguka vijiji vya Wagiriama akicheza kifudu, ngoma ya msibani, akawakusanya watu na kuwafunga kwa kiapo wasiwape Waingereza vijana wao wa kufanya kazi za kulazimishwa. Alikamatwa na kupelekwa mbali katika nchi ya Wagusii, akatoroka na kurejea kwao. Kinachokumbukwa si nguvu za mikono yake, bali kwamba baada ya yeye kupita, watu waliokuwa na hofu hawakuwa na hofu ile ile tena.

8.0 Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, vigezo vinne vinajitokeza. Kwanza, shujaa ni mtu anayeweza kudhurika. Asiyedhurika ana nguvu tu. Pili, anachagua hali akijua gharama, hata kama hiari yake ni finyu kama ya Saada na hata kama ana shaka kama Kinjeketile. Tatu, kitendo chake kinawaelekea wengine. Kigezo hiki ndicho kinachomtenga shujaa na jambazi, na pia na mtawala anayewatoa wengine mhanga kwa ajili yake. Nne, kitendo hicho kinawaacha watu wakiwa na uwezo zaidi kuliko walivyokuwa, ama wa kuteka maji, ama wa kusema, ama wa kukumbuka. Sifa za umma haziingii katika vigezo hivi. Zinaweza kufuata, zinaweza kuchelewa nusu karne, na zinaweza zisifike kamwe.

Vigezo hivi havimwondoi Liyongo katika orodha. Vinamwingiza kwa mlango mwingine: si kwa kinu kilichotoka mkobani, bali kwa jibu alilompa mwanawe. Zaidi ya hayo, vinamleta pamoja naye kijakazi aliyebeba mkate wa wishwa. Methali inasema kwamba kwa shujaa huenda kilio. Kwa Saada hakuna anayejua kama kilio kilikwenda. Kazi ya uhakiki ni kufika huko, hata kama ni kwa kuchelewa.

Maswali ya Mjadala

1. "Liyongo aliponzwa na mapenzi yake kwa mwanawe." Jadili kauli hii ukionyesha iwapo tukio la siri ya sindano ni udhaifu au ni upeo wa ushujaa wake.
2. Linganisha na kulinganua dhima ya mkate katika Utendi wa Fumo Liyongo na katika Mzalendo Kimathi.
3. Je, mtu aliyewaongoza wengine katika maangamizi anaweza kuitwa shujaa? Tetea jibu lako kwa kurejelea Kinjeketile.
4. Teua mhusika mdogo katika kazi yoyote ya fasihi ya Kiswahili uliyosoma, kisha umpime kwa vigezo vinne vilivyotajwa katika makala haya.